Kabla ya kulaumu mnara, kagua plagi ya ndege yako

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji wa Arusha aliyeandika kuwa ndege yake ya mfano, yenye injini ya petroli, iligoma kutii rimoti ikaangukia shamba la mahindi kule Ngaramtoni, na kwamba mchawi ni mnara wa simu. Akamalizia kwa kuwashauri vijana waachane na petroli. Mimi ni fundi redio hapa Pasua, Moshi, na ndege za namna hiyo zimeshapita mezani kwangu. Nampa pole kwa hasara, ila ushauri wake siukubali.

Mnara una masafa yake, na rimoti ina yake: za zamani zilitumia megahezi 35 kwa zile za Ulaya na 72 kwa za Marekani, za sasa gigahezi 2.4. Sisemi mnara hauwezi kamwe kusumbua. Lakini kwenye injini ya petroli, mtuhumiwa wa kwanza ni cheche ya plagi.

Cheche ni mtambo wa redio. Heinrich Hertz alipothibitisha kuwapo kwa mawimbi ya redio miaka ya 1880 alitumia cheche, na mwaka 1901 Marconi alivusha ishara Bahari ya Atlantiki kwa mtambo wa cheche. Wazee wenzangu tuliozoea taarifa ya habari ya masafa ya kati tunajua: pikipiki ikipita, redio inakwaruza hadi itokomee. Sasa weka resiva, yaani kifaa cha ndani ya ndege kinachopokea amri za rimoti, sentimita chache kutoka kwenye plagi, uitake imsikie mtu aliyesimama mbali na rimoti mkononi!

Kwa hiyo, ndugu yangu, pima kwanza. Simama uwanja wa wazi, mbali na njia za ndege za viwanja vya Kisongo na KIA. Mtu mzima ashike ndege kwa nyuma, na asiwepo yeyote mbele ya propela wala ubavuni mwake. Rimoti ya kisasa ina kitufe cha kupunguza nguvu kwa ajili ya kipimo hiki; ya zamani unaikunja antena. Rudi nyuma hatua 30 hivi huku ukichezesha usukani, injini ikiwa imezimwa. Kisha washa, urudie kwa mwendo wa chini, wa kati na wa juu kabisa. Servo, yaani vile vimota vinavyosogeza usukani na kabureta, zikitulia injini ikiwa kimya na kutetemeka ikiunguruma, mnara umeshapata dhamana: shida iko kwenye mwasho (mfumo unaoipa plagi cheche), au kuna soketi iliyolegea inayochezeshwa na mtikisiko. Zikitetemeka hata injini ikiwa imezimwa, fuatilia antena na betri.

Ninayo njia nyingine ya kifundi. Chukua redio ndogo ya masafa ya kati, itegeshe mahali pasipo na stesheni, isogeze karibu na injini inayounguruma. Utasikia mkwaruzo wenyewe, na kila ukirekebisha kitu utasikia kama umepungua.

Marekebisho yenyewe si ghali. Plagi iwe na kizuizi cha umeme (rezista) ndani. Kwa plagi za kampuni ya NGK inaonyeshwa na herufi R, kwa hiyo BPMR7A, wala si BPM7A. Hiyo ya R inatumika pia kwenye misumeno ya mnyororo, basi usiache kuulizia kwa wauza vipuri vya misumeno. Waya wa plagi uvikwe wavu wa chuma usiokatika popote, unaogusa vizuri kasha la mwasho upande mmoja na mwili wa injini upande wa pili. Kofia ya plagi ikilegea kidogo tu, wavu wote ni bure, na hapa ndipo ninapokuta kasoro mara nyingi kuliko kwingine. Mwasho uwe na betri yake, resiva na yake, na vitu hivyo viwili viachane angalau sentimita 30. Waya wa swichi ya kuzimia injini usifungwe pamoja na nyaya za resiva. Fimbo ya chuma inayovuta kabureta itoe, weka ya nailoni, maana ile ya chuma inabeba kelele mpaka kwenye servo.

Wenye gigahezi 2.4 wamepata nafuu kubwa, ila wasijisahau. Kelele bado inaweza kuingia kwa njia ya nyaya, na betri ikizidiwa na servo nyingi zinazofanya kazi kwa pamoja, resiva inaweza kujizima na kujiwasha upya ndege ikiwa hewani.

Nasisitiza hivi kwa sababu baadhi ya ndege hizi zina uzito wa kilo kadhaa, na katika mahindi yale kuna mama anapalilia. Namwomba msomaji huyo afanye kipimo cha hatua 30, kisha atuandikie kupitia ukurasa huu alichokiona injini ikiwa imezimwa na ikiwa inaunguruma. Na vijana wa Arusha wasiuze injini zao kabla hajajibu.

Fundi redio,
Pasua, Moshi