Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Uvimbe wa Mikono na Miguu Wakati wa Tiba ya Ukoma

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati yenu haikuhangaishwa na uhaba wa dawa, kwa kuwa dawa mseto za ukoma hutolewa bure kupitia Shirika la Afya Duniani tangu 1995. Tulihangaishwa na wenzetu walioziacha baada ya kuona mikono au miguu imevimba, wakiamini kwamba dawa ndizo zinazowadhuru.

Mara nyingi uvimbe huo hutokana na kinga ya mwili kupambana na vimelea vya ukoma, hata vilivyokwisha kufa, na huweza kutokea kabla ya tiba, katikati yake au baada ya kuimaliza. Kwa hiyo mgonjwa huendelea na dawa mseto hadi atimize miezi 6 au 12 aliyopangiwa, na mtaalamu akiona mishipa ya fahamu imeathirika humwongezea prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, ambayo hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki nyingi wala haikatizwi ghafla. Kuwahi ndiko kunakookoa, kwani ganzi au udhaifu usiozidi miezi 6 una nafasi nzuri zaidi ya kupona.

Kilichoniumiza zaidi ni habari ya mguu wenye ganzi. Mwenzetu mmoja alikuja kikaoni akitembea kama kawaida. Alipovua kiatu tukakuta ukanda umeacha bonde juu ya wayo, mguu una joto kuliko mwenzake, na chini ya sugu ya kisigino mna usaha. Hakuwa amesikia maumivu yoyote. Mguu wa namna hiyo huenda umeoza kwa ndani au umevunjika mfupa, hivyo haukandwi kwa maji ya moto wala hauchuliwi, bali hupumzishwa, huinuliwa, na mwenyewe hupelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo.

Vikundi vya kujihudumia vimeendelea kuloweka miguu katika maji yasiyo moto, kulainisha sugu, kupaka mafuta na kukagua nyayo; wenye matende nao wamekaribishwa, maana usafi wa ngozi na kuinua mguu huwafaa pia.

Kwa mwaka ujao, kamati inaomba kila kikundi kiwe na futi ya fundi cherehani na daftari, ili mzunguko wa kifundo cha kila mguu upimwe mahali palepale na kuandikwa, mhudumu wa afya apate kuona badiliko ambalo mwenye ganzi hawezi kulihisi.

Mwenyekiti