Televisheni na iulize kabla ya kuitii simu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwajibu wanaolalamika kwamba kitufe cha kufungua programu ya televisheni kutoka kwenye simu hukubali kwa televisheni moja na kugoma kwa nyingine. Lawama hutupiwa sisi tunaoandika programu za simu. Sikatai kwamba miongoni mwetu wapo wanaolipua kazi, lakini katika jambo hili mzizi wa tatizo uko kwa watengenezaji wa televisheni.

Njia ya pamoja ipo. Netflix na YouTube walibuni itifaki, yaani kanuni za vifaa kuwasiliana, iitwayo DIAL, ambayo haina makuu: huitafuta televisheni iliyo kwenye mtandao mmoja na simu, kisha huiamuru ifungue programu. Simu hupiga mbiu kwenye anwani 239.255.255.250, mlango wa mawasiliano (port) wa 1900, ikiuliza kama kuna kifaa kinachoielewa DIAL. Televisheni inayoielewa hujibu kwa kutaja mahali maelezo yake yalipo, na simu ikiyafuata hupewa anwani ya kupelekea ombi. Kuanzia hapo ombi moja la HTTP (njia ya mawasiliano ya wavuti) la aina ya POST, yaani la kutuma amri, lenye jina la programu mwishoni mwa anwani, linatosha. Programu ikifunguka, jibu hurudi na namba 201. Isipotambuliwa hurudi 404, na hapo mwandishi makini humweleza mtumiaji kwamba programu haipatikani badala ya kumwacha akikodolea macho duara linalozunguka.

Ila DIAL hufungua zile programu tu ambazo televisheni yenyewe inazijua kwa majina yaliyosajiliwa. Mwenye programu changa hulazimika kufuata njia ya kila chapa. Vifaa na televisheni za chapa ya Roku husikiliza kwenye mlango wa 8060, na programu hufunguliwa kwa namba yake. Televisheni za LG zenye mfumo wa webOS hutaka mawasiliano ya WebSocket, yanayobaki wazi kwa pande zote mbili, na huonyesha ombi la ruhusa kwenye skrini kabla ya kuipa simu ufunguo wa kuhifadhi. Google Cast, njia ya Google ya kurusha video kutoka kwenye simu, nayo ina taratibu zake. Kitufe kimoja, basi, hubeba nyuma yake misimbo mitatu au minne isiyofanana, na kila mmoja unapaswa kujaribiwa kwenye televisheni halisi.

Wenzangu wengi huisifu njia isiyouliza chochote, yaani ile ambayo televisheni huitii simu bila kuomba ruhusa, kwa kuwa ni nyepesi kuandika. Hapo tunatofautiana. Kifaa kinachomtii yeyote aliye kwenye mtandao kimeikabidhi imani yake yote kwa ruta, yaani kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, na ruta nyingi hazistahili imani hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 2019 wadukuzi walirusha video wasiyoombwa kwenye maelfu ya vifaa vya Chromecast, vinavyochomekwa kwenye televisheni na kutumia Google Cast. Chanzo kilikuwa ruta zilizofungua milango kwa nje, lakini vifaa navyo vilitii amri bila kumuuliza mwenye nyumba. Ndiyo maana naona utaratibu wa LG, wa kuuliza mara moja na kukumbuka jibu, unafaa kuwa sehemu ya itifaki ya pamoja ambayo chapa zote zingeikubali. (Ni kweli kwamba kulijibu swali hilo kunahitaji rimoti, ambayo mara nyingi ndiyo iliyopotea.)

Upande wa simu nako kuna vizuizi, ingawa hivi vinaelezeka. Tangu iOS 14, toleo la mfumo wa iPhone lililotoka mwaka 2020, programu ya iPhone haiwezi kutafuta vifaa vya mtandao wa nyumbani bila idhini ya mtumiaji, na kupiga mbiu ya aina niliyoitaja huhitaji kibali maalumu cha Apple. Watumiaji wengi hukataa kwa sababu programu huomba idhini hiyo mara tu inapofunguliwa, kabla hawajajua ni ya nini; iombwe pale kitufe kinapobonyezwa. Na simu ikiwa kwenye Wi-Fi ya wageni inayotenganisha vifaa, hakuna msimbo utakaoiona televisheni.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Gazeti lako linapochambua televisheni mpya, pamoja na ukubwa na ubora wa skrini, liandike pia ni itifaki ipi inayokubaliwa kufungua programu kutoka kwenye simu, na kama televisheni hiyo humuuliza mwenyewe kwanza. Wanunuzi wakianza kuuliza hayo dukani, watengenezaji watasikia upesi kuliko wanavyotusikia sisi.

Wako,
Mwandishi wa programu za simu