Barua ya wazi kwa Waziri John Mbadi: VAT ya mafuta tunaila kwenye sahani

Kwa Mheshimiwa John Mbadi,
Waziri wa Hazina ya Taifa na Mipango ya Uchumi,
Nairobi.

Likoni, Mombasa, Mei 2025

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Pwani. Mimi nina duka la rejareja hapa Likoni, la kuuzia dirishani. Nakuandikia wakati Mswada wa Fedha wa 2025 uko Bungeni na wananchi wameitwa kutoa maoni. Umetuambia kwamba safari hii nia si kupandisha kodi, na hilo limenifurahisha. Langu mimi linahusu kodi iliyokwisha kupandishwa, ambayo naona imeanza kusahaulika: VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mafuta, iliyotoka asilimia 8 ikawa 16 mnamo Julai 2023. Naomba irudishwe 8.

EPRA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, walipotangaza bei za mwezi huo, petroli jijini Nairobi ilipanda kwa shilingi 13.49 hadi 195.53 kwa lita, dizeli ikapanda kwa 12.39 na mafuta ya taa kwa 11.96. Kelele zote zilikuwa za petroli. Mimi nakuomba uitazame hiyo ya mwisho. Mafuta ya taa ni ya mama anayekuja dirishani kwangu magharibi, ana chupa ya soda mkononi, na pesa yake amekwisha kuihesabu kabla hajafika. Bei ikipanda, yeye haongezi pesa, maana hana ya kuongeza. Anasema vilevile, "Nipimie ya thelathini," na mafuta yanaishia chini zaidi ya pale yalipoishia mwezi uliopita. Anaiinua chupa, anaitazama kwenye mwanga wa taa ya duka, anaondoka bila kusema kitu. Hakuna risiti. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mama huyu amelipa kodi, na amelipa.

Nyumba ikibanwa, vitu hupungua kwa utaratibu ambao mwenye duka yeyote anaujua. Sukari hutoka nusu kilo ikawa robo. Maziwa hukatwa, watoto wakanywa chai ya rangi. Kisha yafuata mafuta ya uto: aliyezoea kununua chupa ya lita huanza kupimiwa, na aliyekuwa akipimiwa hupunguza kipimo. Sabuni ya mche hukatwa vipande. Unga ndio wa mwisho kuguswa, na siku unga unapoingia kwenye daftari la deni, najua nyumba hiyo imefika ukutani. Kibaya zaidi ni kwamba kununua kidogo kidogo ni ghali. Lita moja ikinunuliwa kwa vipimo vya kadogo humgharimu mtu kuliko anayeibeba nzima kutoka supamaketi, kwa hiyo kila kodi inayomsukuma mtu kwenye kipimo kidogo humfanya alipe zaidi kwa kitu kilekile.

Viongozi wetu, wa serikali na wa upinzani, hupenda kutuambia kwamba mnyonge amelindwa kwa sababu unga na mkate havina VAT. Ni kweli kwa karatasi. Lakini unga haukuja Likoni kwa miguu. Umepanda lori linalokunywa dizeli. Nyanya na vitunguu vya soko la Kongowea havitozwi VAT pia, ila vimesafirishwa usiku kucha kwa mafuta yanayotozwa. Nauli ya matatu imesamehewa VAT, na kwa sababu hiyo hiyo mwenye matatu hana njia ya kuidai kodi aliyolipa kwenye pampu, basi inaingia kwenye nauli yote. Mfanyakazi wa ndani anayetoka Mtongwe kwenda Nyali hupanda magari zaidi ya moja kila asubuhi, na jioni anarudi vivyo hivyo.

Hata duka langu liko kwenye hali hiyo. Sheria inamtaka ajisajili kwa VAT yule ambaye mauzo yake ya bidhaa zinazotozwa yanafika shilingi milioni 5 kwa mwaka. Sisi wadogo hatufiki huko. Nikinunua katoni ya sabuni kwa mwenye jumla, katika kila shilingi 116 ninazotoa, 16 ni za serikali, nami siwezi kumdai mtu anirudishie. Naziweka kwenye bei. Mteja wangu ndiye anayezilipa, halafu anasikia redioni kwamba Wakenya wanaolipa kodi ni wachache. Maneno hayo yanauma, Mheshimiwa. Wanaolipa ni sisi sote. Wasiohesabiwa ndio wengi.

Ndiyo maana nimeshtuka kuona mswada wa mwaka huu unapendekeza baadhi ya vitu vihamishwe kutoka orodha ya VAT ya asilimia sifuri vipelekwe orodha ya vilivyosamehewa, zikiwemo malighafi za chakula cha mifugo na za kutengeneza dawa. Mtu wa kawaida akisikia "imesamehewa" anashukuru. Lakini anayeuza kitu cha asilimia sifuri hurudishiwa kodi aliyoilipa akikitayarisha, na anayeuza kilichosamehewa harudishiwi, hivyo hana budi kuitia kwenye bei. Chakula cha kuku kikipanda, yai litapanda, na yai ndiyo nyama ya nyumba nyingi ninazoziuzia. Mambo kama haya yanaelezwa wapi kwa lugha ya mwenye kununua yai? Mswada umeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Katiba yetu, kifungu cha 7, imeifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Tukiitwa kutoa maoni, tupewe kitu tunachoweza kukisoma.

Siasa ya kodi hii nayo inahitaji ukweli. Sheria ya VAT ya 2013 ndiyo iliyoleta asilimia 16 kwenye mafuta, utekelezaji ukaahirishwa hadi Septemba 2018. Wabunge walitaka iahirishwe tena, Rais Uhuru Kenyatta akarudisha mswada na pendekezo la 8, na tarehe 20 Septemba likapita Bungeni katikati ya zogo. Mwaka 2023 serikali ya Rais Ruto ikaipandisha maradufu kupitia Sheria ya Fedha. Muungano wa upinzani wa Azimio uliipinga Sheria ile, na wewe wakati huo ulikuwa mwenyekiti wa ODM, chama kikubwa ndani ya muungano huo. Leo kalamu iko mkononi mwako. Sikukumbushi ili nikuaibishe. Nakukumbusha kwa sababu hoja zile zilikuwa za haki, na hazijaacha kuwa za haki kwa kuwa umehamia upande wa pili wa meza.

Mwaka jana VAT iliyopendekezwa kwa mkate iliondolewa kwenye Mswada wa Fedha wa 2024 baada ya umma kukasirika, na mswada wenyewe Rais akakataa kuutia saini tarehe 26 Juni, siku moja baada ya vijana walioupinga kuuawa barabarani. Tangu hapo kila mwanasiasa anaogopa kodi mpya. Hiyo ni sawa, ila woga huo umezifunika za zamani: Sheria ya 2023 ilikwenda mahakamani, Mahakama ya Juu ikaithibitisha Oktoba 2024, na mjadala ukazima. Mwezi uliopita tumeona Afrika Kusini ikifuta nyongeza ya VAT ya nusu asilimia, kutoka 15 hadi 15.5, siku chache kabla haijaanza, kwa sababu vyama vilivyomo serikalini vilikataa kukubaliana nayo. Kwetu mafuta yaliongezewa pointi 8 kwa mkupuo mmoja.

Najua utauliza pesa zitatoka wapi, na ni swali la haki, maana madeni ya nchi hukuyakopa wewe. Lakini Hazina huchapisha ripoti ya misamaha ya kodi inayotolewa kwa makampuni na sekta mbalimbali. Anza hapo, mmoja mmoja, na ueleze kila msamaha umeleta kazi ngapi. Na lile wazo lililomo katika mkakati wa mapato wa muda wa kati, la kuifikisha VAT asilimia 18 ili tulingane na majirani, naomba lizikwe. Tanzania na Uganda hutoza 18, ni kweli, lakini petroli na dizeli hazitozwi VAT huko. Wana ushuru mwingine kwenye mafuta, kama tulivyo nao sisi. Sisi tunao huo na VAT juu yake.

Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Ukisoma bajeti mwezi Juni, tuambie kwa shilingi: familia inayoishi kwa kibarua cha kila siku inalipa VAT kiasi gani kwa mwezi, kupitia nauli, kupitia mafuta ya taa, kupitia sabuni. Wataalamu wa kulifanya hesabu hilo unao. Kisha utuambie 16 itarudi 8 lini, na kama huwezi kwa yote, anza na mafuta ya taa.

Wako katika kulijenga taifa,
Mwenye duka, Likoni