Mafundi, msizibe tundu la kupumulia la taa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wenye magari wenzangu na mafundi wetu wa mtaani kuhusu maji yanayoingia ndani ya taa za mbele, maana masika hii nimeteseka nayo sana.

Gari yangu ni Noah. Mwaka jana nilimpelekea fundi umeme anifungie balbu za LED kwa vile zile za zamani za wati 55 niliona zimefifia, akafunga, nikalipa, nikaondoka. Mvua zilipoanza ikawa kila asubuhi taa ina ukungu kwa ndani, sikujali, wiki ya pili yakawa matone, wiki ya tatu maji yametuama chini kabisa, ukilitikisa gari unayaona yanacheza. Nikarudi kwa fundi yuleyule. Akachukua drili akatoboa taa ya kushoto kwa chini maji yakamwagika, alafu nyuma akapaka silikoni kila mahali, akaniambia bosi hapo umemaliza.

Siku chache tu maji yamerudi na vumbi juu. Nikasafiri usiku kwenda Morogoro na wanangu wawili, ile kuipita Chalinze mvua inapiga, mwanga wa taa unatawanyika hovyo barabara siioni, na malori yanayokuja yananimulikia fulu yakidhani mi ndo nimewasha fulu, kumbe nimeshusha kabisa. Niliogopa sana aisee.

Jumapili yake nikaichomoa taa mwenyewe. Nyuma ya balbu kunatakiwa kuwe na kofia ya mpira inayobana pale pote, haipo! Feni ya ile LED haikuenea ndani yake kwahiyo fundi aliitupa. Na kile kibomba kidogo cha mpira kilichopinda kama kiwiko, amekijaza silikoni mpaka imekauka ngumu kama kokoto. Sasa kile ndo pua ya taa. Taa ikipata moto hewa ya ndani inatanuka inatoka, ikipoa inarudi, ukiiziba pale hewa itapita kwenye ufa wowote na kuvuta maji humohumo. Alafu LED haipashi kioo joto kama balbu ya zamani, kwahiyo unyevu ukishaingia unachelewa kukauka.

Ukungu mwepesi wa asubuhi au baada ya kuosha gari kwa presha usikutie presha, tembea na taa zimewaka kama nusu saa utaisha wenyewe. Ila ukiona matone makubwa au maji yametuama basi kuna sehemu inavuja, itafutwe: mpira wa nyuma, ufa, au gundi ya pembeni iliyoachia. Mi nilimwaga maji, nikaanika taa juani siku nzima, nikapuliza na drayaa ya nywele kwa moto mdogo, nikakwangua silikoni, nikarudisha balbu ya kawaida na mpira mpya. Kioo cha balbu usikishike kwa vidole, mafuta ya mkono yanaiua mapema.

Mafundi, nawaomba sana, balbu isiyoenea na mpira wake mwambieni mteja ukweli kabla hamjafunga. Taa yangu ya kulia imepona, mvua tatu sasa haina hata tone. Ya kushoto rifleta, ule mng'aro wa ndani unaotupa mwanga mbele, imeshababuka kwa maji na tundu lile la drili, hiyo naitafutia nyingine Ilala.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam