Barua kutoka milima ya Alps: nimekuandikia yote uliyoniuliza kaka

Kaka habari za Korogwe, wazima nyumbani? Shemeji hajambo, watoto je? Mimi niko poa kabisa, nimerudi Stuttgart juzi usiku, mkono wa kushoto bado unauma kwa kubana klachi lakini moyo umejaa aisee, sijui hata nianzie wapi. Ile meseji yako niliiona, ukauliza hawa jamaa wa huku wanapandaje milima kwa pikipiki kundi zima bila mtu kupotea wala kubebwa na machela, maana na wewe unataka uwapandishe vijana wako kutoka Mombo kupita Soni mpaka Lushoto. Sikukujibu mapema kwasababu nilitaka nikaone kwanza kwa macho yangu ndo nikwambie kitu cha uhakika. Basi chukua chai, barua ni ndefu.

Siku ya kuondoka, kabla mtu hajavaa helmeti, kiongozi wa msafara akapita pikipiki moja moja anaomba kadi ya usajili. Nikajua anakagua bima, kumbe anatafuta namba moja tu kwenye kadi, kipengele cha U.1, kile kinachosema pikipiki yako ikiwa imesimama inatoa kelele kiasi gani. Kule Austria jimbo la Tirol tangu 2020 wamepiga marufuku msimu wa joto pikipiki zinazozidi desibeli 95, kile kipimo cha kelele, kwenye barabara kadhaa za wilaya ya Reutte, na sisi ndo huko huko tulikuwa tunapita, bonde la Tannheim, bonde la Lech, halafu tupande Hahntennjoch, njia inayovuka mlima kwenye urefu wa mita 1,894 juu ya bahari. Wenzetu wengi wanalalamika kuhusu hiyo sheria, mi naona wale wenyeji wako sahihi kabisa. Nyumba zao ziko bondeni, sauti inagonga ukuta wa mlima inarudi, na Jumapili ya jua pikipiki zinapita toka asubuhi mpaka jioni, mtoto mchanga atalala saa ngapi? Hilo liweke kichwani hata kwa Lushoto, vijana wako wanaotoboa exosi uwaambie mapema, mkipita Soni mnapita kwenye milango ya watu.

Kutoka Imst tukaingia bonde la Ötztal, tukapita Sölden tukapanda Timmelsjoch, mita 2,474, mpaka wa Austria na Italia uko hapo hapo juu. Upande wa Austria unalipia kupita. Pale kwenye geti kuna makumbusho ya pikipiki, yaliungua yote Januari 2021 pamoja na pikipiki za zamani zaidi ya mia mbili, na wenyewe wakajenga upya wakafungua mwaka huo huo, kabla haujaisha! Nilisimama mbele ya pikipiki za zamani kabla ya vita, tanki limesuguliwa mpaka unajiona, nikakukumbuka sana kaka, wewe na ile Honda ya marehemu mzee. Upande wa Italia barabara ni nyembamba, unashuka kona baada ya kona na joto linapanda na wewe, juu kule tulikuwa tunatetemeka na chini Merano watu wanakula aiskrimu wamevaa bukta. Kila ukipanda mita elfu moja joto linapungua kama digrii sita na kidogo, kwahiyo nguo huvai kwa kuangalia hali ya hewa ya mjini, unavaa kwa kuangalia urefu wa mlima.

Sasa Stelvio, njia nyingine ya mlimani huko huko Italia. Kaka, Stelvio acha tu. Mita 2,757, barabara ilijengwa kati ya 1820 na 1825, watawala wa Austria wakati huo walikuwa wanaishika Milano wakataka njia ya kuwaunganisha, injinia akawa Carlo Donegani, na watu walichimba kwa mikono na baruti, hakuna katapila. Miaka 200 imepita na sisi tunapita mstari uleule aliouchora yeye. Ukipandia upande wa kijiji cha Prato kuna kona 48 zinazogeuka nyuma kabisa, kila moja ina kibao chenye namba, na zinahesabiwa kurudi, chini unaanza na 48 juu unamaliza na 1. Mwanzo uko msituni huoni kitu, ukishapita Trafoi miti inaanza kuisha na mara ukuta wote wa mlima unakuja mbele yako na barabara imepandishwa juu yake kona juu ya kona, unaona pikipiki ndogondogo juu kabisa zinang'aa na unajua na wewe unaenda huko.

Kwenye kundi letu kulikuwa na mama mmoja, mwalimu mstaafu, mvi kichwa kizima, ana pikipiki ya kawaida tu wala sio kubwa. Nilimfuata yeye Stelvio nzima na hapo ndo nimejifunza kuliko miaka yote niliyoendesha. Kona ngumu huku ni ile ya kulia kwenda juu, kwasababu huku wanaendesha kulia kwahiyo unakuwa upande wa ndani, kona imebana na imesimama, gurudumu la mbele linataka kupanda na wewe unataka kugeuka. Kwako wewe Lushoto itakuwa ya kushoto, ishike hiyo. Yule mama kabla hajafika kwenye kona anainua macho kwanza juu, anaangalia kipande cha barabara kinachofuata kama kuna basi linashuka, kama lipo anasubiri chini ya kona, haingii. Kama ni peupe anaanza kwa nje karibu na mstari wa katikati, gia ya kwanza au ya pili, klachi nusu, resi haikatiki hata kidogo, breki ya nyuma anaigusa tu pikipiki itulie, na shingo anaigeuza yote mpaka kidevu kinagusa bega, anaangalia anapotokea, haangalii ukingo wala tairi, na pikipiki inageuka taratibu kama chapati kwenye kikaango. Kona ya 30, ya 20, ya 10, ni hivyo hivyo tu, haharakishi hachelewi. Vijana wawili watatu wa makundi mengine walitupita kwa kelele, tukawakuta kona mbili mbele wameweka mguu chini maana waliingia kwa nguvu na basi likatokea.

Juu pale ni kama stendi, soseji zinachomwa, watu wanauza stika na fulana, baiskeli nyingi kuliko pikipiki. Hao wa baiskeli nawavulia kofia, mtu anapanda kona zote 48 kwa miguu yake mwenyewe. Na ukikaa ukakumbuka kwamba Vita ya Kwanza ya Dunia, Waitalia na Waaustria walipigana kwenye vilele hivi, kwenye barafu, miaka mitatu na zaidi, hata hiyo soseji inashuka kwa shida.

Tukashuka Umbrail kuingia Uswisi, mita 2,501, ndo njia ya juu kuliko zote za lami zinazovuka milima Uswisi, halafu Ofenpass, halafu Flüela tukanyeshewa. Mvua ya mlimani huku inakuja mchana ghafla, asubuhi anga ni bluu, saa nane mawingu yanafunga, saa tisa radi. Ndiyo maana wanaondoka mapema na jioni mapema wako hotelini, hakuna cha kulala mpaka saa nne. Kiongozi alipoona mawingu hakubishana na mtu, tukasimama kabla hatujaanza kupanda, kila mtu akavaa koti la mvua, nafasi kati ya pikipiki na pikipiki ikaongezwa, hakuna kuovateki, tukapita taratibu. Oberalp tuliipita jioni haraka haraka, ila pale juu mita elfu mbili na kitu kuna mnara wa taa wa meli, mwekundu! Wameuweka kwasababu mto Rhine unaanzia karibu na hapo na unaenda kuishia bahari ya Uholanzi.

Tukafanya kituo Andermatt na hicho kimji ningependa siku moja ukione. Kutoka kwenye milima inayokizunguka inaanza mito minne, Rhine, Rhone, Reuss na Ticino, mmoja unaenda kaskazini, mwingine unaenda Ufaransa, mwingine Italia. Na kwa pikipiki unapiga mzunguko wa kama kilomita 120, Furka mita 2,429, Grimsel 2,164, Susten 2,224, unarudi palepale ulipolala. Susten ndo lami tamu kuliko zote, ilijengwa kati ya 1938 na 1945 kwa ajili ya magari toka mwanzo, kwahiyo kona zake ni pana unaziona mpaka mwisho, mimi ukinipa siku moja tu huku nitakwenda Susten hata Stelvio uichukue wewe.

Ila Furka iliniuma. Kuna hoteli ya zamani pale kwenye kona, Belvédère, picha yake lazima umeiona mahali, imefungwa. Watu walikuwa wanakuja kulala pale kwasababu barafu ya Rhone ilikuwa mlangoni. Zamani ile barafu ilishuka mpaka chini bondeni Gletsch, sasa imerudi juu imebaki mwamba mtupu na maji, na kipande kilichobaki karibu na barabara wanakifunika na vitambaa vyeupe majira ya joto ili kisiyeyuke haraka. Nilisimama pale nikawa nafikiria Kilimanjaro, barafu yetu nayo inaondoka na hatuna hata cha kuifunika. Na ndio, najua na sisi tulifika pale kwa petroli.

Gotthard tulipanda njia ya zamani, Tremola, kutokea Airolo. Sehemu kubwa ya barabara ni mawe ya graniti yaliyopangwa kwa mkono, kona 24, pikipiki inatetemeka mpaka meno. Wanaokimbilia kazini wanapita chini kwenye handaki la kilomita karibu 17 lililofunguliwa 1980, kwahiyo huku juu wamebaki wenye muda. Mawe yakilowa yanateleza, sisi tulipata kavu, Mungu ni mwema.

Haya sasa ulichoniuliza. Siri ya hawa watu ni mkia. Mbele kuna kiongozi, nyuma kabisa kuna mkia, hao wawili hawabadiliki siku nzima, na mkia anavaa kizibao kinachong'aa mtu amuone kutoka mbali. Mkia sio aliyeshindwa, mkia ndo mzoefu kuliko wote, anajua kuziba pancha, ana sanduku la huduma ya kwanza, ana namba za simu za ndugu wa kila mtu. Wageni na waoga wanakaa nyuma ya kiongozi, wenye haraka wanarudishwa nyuma, kwasababu ukimuweka mgeni nyuma kila mwenye kasi aliyeko mbele anamvuta na mgeni anaendesha kuliko uwezo wake, na hapo ndo watu wanakufa kaka. Ikifika njia panda, yule wa pili nyuma ya kiongozi anasimama mahali salama panapoonekana, anaonyesha mkono pa kugeukia, habanduki hapo mpaka amwone mkia, mkia akitokea ndo anaingia mbele yake wanaendelea. Njia panda inayofuata anasimama mwingine. Kwa hiyo hakuna mtu wa kuangalia ramani wala wa kukimbiza mwenzake asimpoteze, hata ukiachwa kilomita tano utamkuta mtu amesimama anakusubiri. Na kila mtu anamwangalia wa nyuma yake kwenye saitimira, usipomuona unapunguza, na wa mbele yako naye asipokuona anapunguza, mpaka inamfikia kiongozi bila mtu kupiga simu.

Kwenye mlima wenyewe hakuna kushindana, kila mtu anapanda kwa mwendo wake mnakutana juu. Na kushuka wanasisitiza kuliko kupanda, unashuka na gia ileile ambayo ungepandia, injini ndo ikushike, breki uzipumzishe, maana breki zikichemka katikati ya kona hakuna dua. Wewe umeona mteremko wa Kitonga malori yanavyotoa moshi kwenye matairi, basi ndo hivyo hivyo. Na ukikutana na basi kwenye kona basi ndo mkubwa. Uswisi mabasi ya posta ya manjano yana honi ya sauti tatu, ukiisikia tu unakaa pembeni linachukua kona yote linapita, dereva anakupungia mkono. Huko kwetu mwambie kila kijana Coaster ya Lushoto ihesabiwe hivyo hivyo.

Kwahiyo kabla hujapanga tarehe wala fulana za kikundi, tafuta mkia wako. Mi ningemshauri yule fundi wako wa pale stendi, mtu mzima, hana papara. Halafu chagueni mwezi mkavu, mkitoka Mombo saa kumi na mbili asubuhi, Soni mnakunywa chai, mnapanda kabla mabasi hayajawa mengi.

Niandikie mko wangapi na wangapi hawana helmeti za maana, sio zile kofia za kuogopea trafiki. Huku njia nyingi za juu zinafungwa theluji ikianza, maduka yanashusha bei mwisho wa msimu, naweza kukusanya chache nikazipakia kwenye kontena la jamaa wa Hamburg linaloondoka mwezi wa kumi na moja. Pima kichwa kwa futi ya fundi cherehani, juu ya nyusi kuzunguka, nitumie kwa sentimita kila mtu na namba yake, ya kwako ianze.

Msalimie sana mama, mwambie nakula vizuri.

Ndugu yako, Stuttgart