Taarifa ya mwenyekiti kwa mkutano mkuu wa mwaka: miche tuliyoihesabu Oktoba

Ndugu wanachama, wazee wetu, na majirani mliokuja kutusikiliza, mwangaluka.

Mvua za kwanza zimeshanyesha na najua kila mmoja wenu ana jembe linalomsubiri nyumbani, kwa hiyo sitawachosha. Habari za fedha atazisoma mhazini baada yangu. Mimi nitasema habari za mimea, kwani ndiyo iliyotukutanisha.

Nianze na jambo lililonikosesha raha mwaka huu. Tangu chama kianze, taarifa zetu zimekuwa zikitaja idadi ya miche tuliyopanda. Desemba tunagawana miche, tunapanda, katibu anaandika kwenye daftari, tunapongezana. Safari hii kamati ilikubaliana kwamba tuhesabu mara ya pili, mwishoni mwa Oktoba, wakati ardhi ya Tabora imekauka kabisa na upepo unabeba vumbi tu. Tulipita nyumba kwa nyumba, Cheyo, Isevya, Ng'ambo, Ipuli hadi Kiloleni. Katika miche 60 tuliyogawana, tuliikuta 23 ikiwa hai. Mingine ilibaki vijiti, na mingine hata kijiti hakikuwepo.

Sikuleta hesabu hii ili kumlaumu mtu. Nimeileta kwa sababu naamini bustani ya Tabora hupimwa Oktoba. Januari kila kitu ni kijani hapa, hata mti wa uzio uliochomekwa ardhini huchipua. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, halafu miezi kama sita ambayo mbingu haitoi tone. Mmea usioweza kuvuka miezi hiyo, au mwenye nyumba asiyejipanga kuuvusha, hasara yake ni ileile.

Tuliuliza kila nyumba mche ulikufaje. Majibu yalijirudia, na makubwa yalikuwa mawili.

La kwanza ni kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche. Kwa mwanachama mmoja tulichimba mche wa mparachichi uliokufa, tukaukuta bado umo ndani ya kiriba chake, na mizizi imejizungusha humo kama ngata ya kubebea ndoo. Aliyepanda alidhani plastiki itaoza yenyewe. Haiozi, jamani. Chana kiriba upande mmoja kutoka juu hadi chini, kitoe chote, na ukiona mizizi ya chini imejikunja, ikate kwa wembe mkali kabla ya kuuweka mche shimoni. Mzizi uliojikunja hauachi kujikunja kwa kuwa umefika shambani. Utaendelea kuzunguka palepale, na kiangazi kikifika mche hauna mguu wa kufuata maji chini.

La pili ni mchwa, na hapa nitakaa kidogo. Mchwa wa nchi hii ya miyombo, miti yetu ya asili ya porini, ni wenyeji kuliko sisi. Hula kilichokufa na kilichodhoofika, na mche wenye kiu ndio hudhoofika kwanza, kwa hiyo dawa ya kwanza ya mchwa ni maji. Ya pili ni kutumia samadi iliyooza vizuri, isiyo na vipande vya majani makavu vinavyowaita. Ya tatu inahusu matandazo, yaani nyasi na majani ya kufunika udongo. Wengi wetu tulisikia kwamba matandazo hutunza unyevu, na ni kweli, lakini tukayasukuma yakagusa shina. Acha nafasi ya kiganja kimoja kuzunguka shina, ibaki wazi, uione kila siku. Mchwa akianza kujenga njia yake ya udongo kwenye shina utamwona mapema, umwondoe kwa mkono.

Kuhusu maji, tangu maji ya Ziwa Victoria yafike mjini kwetu hali si kama zamani, lakini bili ni bili. Nyumba zilizofanikiwa kuliko zote zilitumia njia ambayo bibi zetu wangeifahamu: mtungi wa udongo usiopakwa rangi, umefukiwa hadi shingoni kando ya mche, unajazwa na kufunikwa. Maji hupenya taratibu kwenye kuta za mtungi na kuifuata mizizi, jua haliyapati. Asiye na mtungi alitumia chupa ya plastiki ya lita moja na nusu iliyotobolewa kwa sindano ya moto. Maji ya kusuuzia vyombo na mboga nayo yanafaa. Yenye dawa ya kung'arisha nguo yamwage kwingine.

Sasa vitalu. Mmeniuliza sana mwaka huu ninunue wapi, mwenyekiti, na nina vipenzi vyangu. Kuna mama mmoja Isevya anayeotesha uani kwake, chini ya kivuli cha nyasi. Nampenda kwa sababu moja: ukimwomba mche ambao haujakomaa, anakukatalia. Wiki tatu kabla ya kuuza hupunguza maji na kuondoa kivuli kidogo kidogo, ili miche izoee jua kabla haijaondoka kwake. Miche yake huonekana myembamba kidogo ukiilinganisha na ya wengine, na ndiyo tuliyoikuta hai Oktoba. Kwa miti ya mbao na kivuli, vitalu vya Wakala wa Huduma za Misitu ni pa kuanzia. Na kwa anayetaka kujifunza miti inavyokaa pamoja na mazao, majirani zetu wa kituo cha utafiti cha Tumbi wameishughulikia elimu hiyo kwa miaka mingi. Tusiishi karibu na kisima tukafa kwa kiu.

Lazima pia niseme kilichotupata. Wanachama wanne walinunua miembe iliyoitwa ya kubebesha, yaani iliyoungwa kitawi cha mwembe mwingine, kutoka kwa muuzaji mmoja, kwa bei ya kubebesha, na ilikuwa imeoteshwa kwa kokwa tu. Sitamtaja. Nitataja dalili, ili lisitokee tena. Mche uliobebeshwa una kovu kwenye shina, kwa kawaida kati ya sentimita 15 na 30 kutoka udongoni. Mara nyingi shina hapo limepinda kidogo, na gome la juu halifanani kabisa na la chini. Usipoliona kovu, usilipe. Ukiliona, litingishe kwa upole, lisicheze. Kisha tazama chini ya kiriba: mzizi uliotoka na kuzama ardhini maana yake mche umekaa kitaluni muda mrefu, na utakapong'olewa utauacha huko mzizi wake mkuu.

Kuna aliyeniuliza kwa nini tusiridhike na kokwa, mbona miembe mikubwa ya mji huu ilitokana na kokwa. Ni swali la haki. Mji wetu ulikuwa kituo cha misafara, wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliufikia mwaka 1857 ukiitwa Kazeh, na mwembe uliingia bara pamoja na watu wa pwani. Miembe ya kokwa hukua mirefu, huishi miaka mingi, na kivuli chake hakina mfano. Lakini huchukua miaka mingi kuzaa, na tunda unalolipata huenda lisiwe lile ulilolipenda. Mwembe uliobebeshwa huweza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, na tunda ni lile la mama. Mwenye eneo kubwa apande vyote viwili. Mwenye ua mdogo abebeshe.

Somo hilo tulilipata tena safarini. Mwezi Agosti sita kati yetu tulipanda treni kwenda Kigoma kwa nauli zetu wenyewe, na tukafika Ujiji, pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliokutana mwaka 1871. Mwembe waliokutana chini yake haupo tena. Iliyopo inasemekana imetokana na vikonyo, yaani vitawi vya kubebeshea, vya ule wa kwanza. Nilisimama pale nikaona faida ya kubebesha kuliko nilivyowahi kuiona darasani: mti umekufa na bado upo.

Kigoma tuliangalia pia miche ya michikichi, maana tangu mwaka 2018 serikali imelivalia njuga zao hilo na kituo cha Kihinga kinazalisha mbegu bora za tenera. Tenera hupatikana kwa kuchanganya aina mbili za michikichi, dura na pisifera, kokwa lake lina ganda jembamba na nyama nyingi ya mafuta. Anayeokota mbegu chini ya tenera akaziotesha hatapata tenera tupu, karibu nusu itarudi kwa dura na pisifera. Wawili wetu walitamani kuja na miche. Niliwashauri wasije nayo, na nasimamia ushauri huo, kwani mchikichi hauvumilii miezi sita ya ukame bila maji ya uhakika.

Nije kwenye maua na vichaka vya uani, ambavyo najua ndivyo vinavyowapendeza wengi.

Mshindi wa Oktoba ni bogonvilia, wala hakuna aliyemkaribia. Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini, na jina lake linatokana na baharia Mfaransa, Louis-Antoine de Bougainville, aliyezunguka dunia kati ya 1766 na 1769. Ile rangi ya zambarau au nyekundu tunayoiita ua ni majani yaliyobadilika. Ua lenyewe ni lile dogo jeupe katikati. Ukiumwagilia kila siku utakupa majani matupu, ukiunyima kidogo unachanua. Nani angetaka mmea unaofaa Tabora kuliko huo? Kata vipandikizi vya tawi lililokomaa, unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20, uvichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kivulini.

Anayefuata moyoni mwangu ni mhina. Mzee wetu wa Gongoni, aliyetangulia mbele ya haki mwezi Machi, alikuwa na uzio wa mhina aliouotesha ujanani. Alizoea kusema kwamba uzio huo umewapamba maharusi wa mtaa mzima. Unavumilia ukame, unakubali kukatwa, na ukichanua jioni harufu inafika barabarani. Familia yake imeturuhusu kuchukua vipandikizi, nasi tumevichukua. Kila mwanachama atapata kimoja, na naomba tusikipoteze. Mungu amrehemu.

Waridi la jangwani tunalo wachache. Huota lenyewe porini katika sehemu kame za nchi yetu, linahifadhi maji kwenye shina nene, na mwenye nalo alilisahau kwa mwezi mzima likachanua. Utomvu wake ni sumu, Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huupaka kwenye mishale. Basi lisikae anapochezea mtoto. Vivyo hivyo oleanda, ambayo kila sehemu yake ni sumu, na minyaa, ambayo utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kumlaza mtu hospitali. Mchongoma unatosha kwa uzio, hauna sumu na unatoa tunda. Lantana tusiigawe tena katika chama hiki. Maua yake ni mazuri, lakini ndege husambaza mbegu zake mashambani na mifugo ikila majani huugua.

Mkoa huu ni wa asali, na hapa mjini kipo Chuo cha Nyuki. Mrehani, alizeti na kaliandra huwapa nyuki chakula. Anayepiga dawa ya wadudu asipige asubuhi maua yakiwa wazi, asubiri jioni nyuki warudi mzingani. Wachache wetu huloweka majani ya tumbaku kuwaua vidukari. Maji hayo ni sumu kweli, yashikwe kwa tahadhari, na kamwe yasinyunyiziwe nyanya wala pilipili, maana tumbaku hubeba ugonjwa wa virusi unaoshambulia jamii hiyo yote.

Nimebakiza miti yetu wenyewe. Tunahangaika na maua ya nchi za mbali ilhali Septemba, kabla ya tone la mvua, miyombo huvaa majani mapya mekundu kama shaba. Mwaka huu tulijaribu kuotesha mninga, mti wetu wa mbao. Mche huchipua, kiangazi kikija sehemu ya juu inakufa, mwaka unaofuata unachipua tena, na hivyo kwa miaka kadhaa huku mzizi ukinenepa chini. Waliong'oa mininga yao Agosti wakidhani imekufa walikosea, na kosa ni la kamati iliyowagawia bila kuwaeleza. Tunaomba radhi. Makusu, yale matunda ya porini, nayo yatuelimishe: mbegu yake ikikauka haioti, kwa hiyo ukila tunda panda siku hiyohiyo, na uchanganye udongo uliochotwa chini ya mti wake, wenye ukungu unaoisaidia mizizi.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza tugawe miche michache, 30 tu, na kila mche uandikwe jina la mwenye kuutunza. Oktoba tutapita tena na daftari lilelile.

Mgawo ni Jumamosi ya kwanza ya Desemba, saa moja asubuhi, uani kwa katibu. Shimo liwe limeshachimbwa, futi mbili kwenda chini na futi mbili upana, udongo wa juu umewekwa upande wake na kuchanganywa na debe moja la samadi iliyooza. Wajumbe wawili watapita Ijumaa kuangalia mashimo. Atakayekutwa hajachimba, mche wake utamsubiri kitaluni hadi achimbe.

Wabeja sana. Namkaribisha mhazini.