Mawimbi ya kuyeyusha mwamba yapo, lakini saruji bado tunaimwaga

Wiki iliyopita tumeitwa wezi kwa mara ya tatu mwaka huu. Mteja kasoma kwamba siku hizi mwamba unayeyushwa kwa mawimbi, akaishika hati yetu ya bei ya kuchoronga visima vya jotoardhi: "Sasa hizi biti na saruji ni za nini?" Biti ndicho kichwa kinachosaga mwamba.

Mtambo huo si uongo. Kuna kifaa kiitwacho jirotroni, kilichotoka kwenye utafiti wa nyuklia, kinachosukuma mawimbi ya milimita hadi mwamba ugeuke mvuke. Kampuni ya Quaise ilikijaribu kwenye granaiti huko Texas mwaka 2025, ikafika kama mita 100. Visima vyetu vya jotoardhi huanzia mita 800. Na hata wao mpango wao ni kuanza na biti za kawaida, mawimbi yaje kule chini ambako biti hufa kwa joto.

Kinachokula hela ni kupandisha na kushusha mabomba yanayobeba biti. Biti ikiisha kwenye mita 3,000, unang'oa mabomba yote, ubadilishe, uyarudishe. Shifti nzima imekwenda na kisima hakijaongezeka hata sentimita. Kwa hiyo biti za almasi bandia, zile zilizofanya vizuri kwenye granaiti ya Utah, bei yake inatisha lakini zinakaa chini muda mrefu. Anayetuletea biti ya bei nafuu "aliyoipata mahali" tunamrudishia.

Saruji ndiyo ugomvi mkubwa. Mzee mmoja mwenye vitalu vya maua alitaka saruji inayojazwa nje ya bomba la kisima, kati yake na mwamba, iishie nusu tu, eti bomba la juu litajishikilia lenyewe. Tukakataa, akapata mafundi wengine. Chuma kikipata moto hurefuka: bomba la mita 500 lisiloshikwa, likipanda nyuzi 150, linaongezeka karibu sentimita 90. Tulipoitwa, valvu iliyokuwa magotini ilikuwa imefika kifuani mwangu, imelala upande, inafoka. Na tope likinaswa kati ya mabomba mawili, moja ndani ya jingine, ni balaa zaidi: likipata moto hutanuka na halina pa kwenda, linalibana la ndani mpaka linakunjika kama kopo.

Bomba la namna hiyo hulinyooshi. Tulikiziba kisima chote kwa saruji, ile ile aliyoikwepa na nyingine juu yake, tukachoronga kipya pembeni. Alilipa visima viwili akapata kimoja, na bado anasema sisi ni ghali.

Mstari wa saruji hatuufuti kwenye hati ya bei. Mwenye shaka aje siku ya kumwaga, asimame nasi mdomoni mwa kisima. Kwanza hutoka maji, halafu tope, halafu mchanganyiko mwepesi. Pampu haizimwi mpaka irudi saruji yenyewe, ya kijivu, nzito, ndoo imepimwa uzito mbele yake.